Kitabu cha panya: maswali mnayoniuliza kila siku

Jamani nimechoka kujibu swali moja la kitabu changu mara ishirini, mtu ananiuliza asubuhi sokoni, jioni ananiuliza mwenzake kwenye simu, kwaiyo nimeyakusanya yote hapa. Yameanza yale ya kawaida, ya wale mliosoma mara tatu yako mwishoni. Kuanzia namba 17 nimegusa mambo ya mwisho wa stori, kama hujamaliza ishia pale, usije ukanilaumu.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Kinahusu nini kwa kifupi?

Kuna panya buku mdogo wa kike anaitwa Pua, anaishi na ukoo wake kwenye shamba la mkonge lililoachwa, nje kidogo ya Tanga mjini ukielekea Pongwe. Siku moja anarudi mjomba wake ambaye wote walishamlilia wakamaliza, kumbe alikuwa Morogoro anafundishwa na watu kunusa mabomu, akapelekwa nje ya nchi kufanya kazi, sasa kastaafu. Anaitwa Mjomba Kliki, sababu ya jina iko namba 5. Mjomba anaanza kumfundisha Pua ile kazi, usiku usiku, kwenye kiwanja cha shule ya msingi, mazoezi tu. Usiku mmoja Pua anaipata ile harufu kweli, chini kabisa, karibu na goli.

Hapo ndo balaa linapoanza. Wanyama wote wa Tanga wanajua kuna kitu chini ya kile kiwanja, watu hawajui, na mnyama hawezi kumwambia mtu. Kitabu kizima ni hiyo shughuli ya kutafuta namna ya kusema.

2. Kinaitwaje hasa?

Kwenye kava nimeandika jina refu ambalo hakuna anayelikumbuka, hata mi mwenyewe nikiulizwa ghafla najikwaa. Watoto wanakiita kitabu cha panya. Nimekubali yaishe.

3. Ni cha umri gani?

Nilikiandika nikiwafikiria watoto wa darasa la tatu mpaka la sita. Ila nina wateja wazee kabisa, kuna babu mmoja wa barza ya kahawa mtaani kwetu kakinunua "kwa ajili ya mjukuu" na kila tukikutana anaulizia sura ambayo mjukuu bado hajafika.

Ukiwa na mdogo wa darasa la kwanza msomee wewe, sura ni fupi kwa makusudi, moja inaisha kabla chai haijapoa. Sura ya 14 usimsomee usiku (tazama namba 20).

4. Panya buku ndo panya wa shilingi elfu?

Hili naulizwa na watu wazima wenye ndevu. Panya buku ni yule panya mkubwa wa porini, mwenye mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula, anafika kilo moja hata na nusu, mkia wake nusu mweusi nusu mweupe. Tena jina limenifaa, maana buku ni elfu moja mtaani, na wazee wetu buku waliliita daftari na kitabu pia, kwaiyo Pua kwenye sura ya pili anajitapa kwamba yeye ni panya msomi kwa kuzaliwa. Kitabu nauza buku tano. Ndani kuna panya mmoja wa buku, buku nne zilizobaki ni za mchapaji, na ndo maana bado napanda baiskeli.

5. Hiyo ya panya kunusa mabomu umetunga?

Hapana, na hiyo ndo sehemu ya kweli kuliko zote humu ndani. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna shirika linaitwa APOPO, wanafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini, na wengine wananusa makohozi ya wagonjwa kutafuta kifua kikuu. Yule maarufu kabisa anaitwa Magawa, kazaliwa hapahapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Akafa Januari 2022, mzee, kastaafu, kashiba ndizi.

Wanavyofanya ni hivi. Panya anafungwa kamba nyepesi anatembezwa mbele na nyuma kwenye eneo, macho yake hafifu lakini pua, we acha. Akisikia harufu anakwaruza chini. Mwalimu wake anabonyeza kidude kinacholia kliki, panya akisikia kliki anajua kapatia, anakimbilia ndizi au karanga zake. Bomu halimlipukii kwasababu ni mwepesi. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi anamaliza kwa nusu saa hivi, wakati mtu mwenye mashine ya kutafuta chuma anaweza kutumia siku nzima na zaidi, maana mashine inapiga kelele kwa kila msumari na kila kizibo cha soda, panya kizibo cha soda hakimhusu.

Ndo maana mjomba anaitwa Kliki. Amestaafu ila mtu akibonyeza kalamu karibu yake anageuka kutafuta ndizi.

## Wanyama wenyewe

6. Kwanini panya, hukuona mnyama mwingine?

Hata mama yangu kaniuliza. Bibi mzaa mama ni wa Lushoto, na walioishi kule miaka ya 80 na 90 wanajua tauni iliwafanya nini, panya kwao ni msiba unaotembea. Bibi alikuwa anaamka usiku anapiga taa juu ya dari kwa sauti ya kukwaruza tu. Mi nimekulia kwenye hiyo hofu, nikajiuliza huyu ninayemwogopa hivi, yeye ananionaje? Nikianza na sungura hilo swali lisingekuwepo, sungura nani anamwogopa.

Kuna sura moja bibi yumo, na taa yake, imesimuliwa kutoka juu ya dari. Hakuwahi kuisoma, alifariki kabla, na sijui kama ningethubutu kumsomea.

7. Mbona sungura wako sio mjanja na fisi sio mjinga?

Kwasababu nimewachoka wale. Sungura mjanja na fisi mlafi ni wa bibi zetu, wako sawa hukohuko na hadithi njoo, sitawagusa. Ila ukimwangalia fisi kama alivyo, sio mjinga hata kidogo. Watafiti waliwahi kuwawekea fisi kamba mbili za kuvuta kwa pamoja ndo chakula kidondoke, wakaelewana haraka bila kufundishwa, sokwe huwa wanahangaika sana na mtihani kama huo. Alafu kwao jike ndo mkubwa wa ukoo. Kwaiyo Mama Fisi wangu kutoka Handeni ndo mpangaji wa mipango yote, na kuchelewa kula kumemfundisha subira.

Nilichokataa toka mwanzo ni wanyama ambao ni watu waliovalishwa manyoya. Kila mnyama humu ana akili yake ya kinyama, ile aliyonayo kweli, alafu mi nimeiongezea chumvi. Popo wa mapango ya Amboni anaona kwa masikio, kwaiyo ukimwambia "umependeza leo" hakuelewi, mwambie unasikika vizuri.

8. Kunguru wanakumbuka sura za watu kweli?

Kweli tupu. Kule Seattle, Marekani, watafiti walivaa kinyago wakawakamata kunguru, wakawaachia, na miaka baadaye mtu akipita na kinyago kilekile kunguru wanamzomea, hata wasiokuwepo siku ile wamejifunza kwa wenzao. Wale ni kunguru wa aina nyingine, lakini hawa wetu muulize muuza samaki yeyote wa Deep Sea atakwambia.

Hawa wetu weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wasafishe taka, wakasambaa pwani yote. Kwenye kitabu wanajiona wao ndo wenyeji na wengine wote wageni. Wana daftari la sura, yaani kila mtu wa Tanga aliyewahi kuwarushia jiwe ameandikwa kichwani, baba mtu, mtoto, mpaka mjukuu. Watoto wakimaliza kusoma hiyo sura wanaanza kuwasalimia kunguru njiani. Sijaona ubaya.

9. Pweza kufikiri kwa mikono, hiyo fantasia si imezidi?

Imezidi kwangu au kwa Mungu aliyemuumba? Pweza ana seli za fahamu kama milioni 500 hivi, na sehemu kubwa, karibu theluthi mbili, ziko kwenye mikono, sio kichwani. Mioyo mitatu, damu ya bluu. Nilichofanya mi ni kuupa kila mkono maoni yake tu, ndo maana Pweza kwenye baraza la wanyama anapiga kura nane na mara zote zinagawanyika nne kwa nne, na wenzake wanamsusia.

Ile sehemu anajificha kwenye shimo la mwamba maji ya bamvua yanapotoka na wanawake wanakuja na vijiti, nimeichukua kama nilivyoiona utotoni. Ukiingiza kijiti hatoki. Anakishika. Unavuta naye anavuta, unahisi kabisa upande wa pili kuna mtu anapima nguvu zako.

10. Bado unakula pweza?

Ndio. Supu hasa.

11. Bibi Silikanti ndo nani, na mbona haeleweki?

Silikanti ni yule samaki wa ajabu ambaye wanasayansi walikuwa wanamjua kwenye mawe tu, wakaamini kaisha duniani miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita, mpaka 1938 akavuliwa mmoja mzima Afrika Kusini. Huku kwetu wavuvi wa majarife, zile nyavu kubwa, walianza kuwatoa kwenye maji marefu miaka ya 2003 na 2004, mmoja baada ya mwingine, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapahapa Tanga.

Watoto wanategemea awe ndo mwenye hekima kuliko wote kwasababu ni bibi. Hapana. Ubongo wa silikanti ni mdogo ajabu, fuvu lake sehemu kubwa limejaa mafuta tu. Lakini anaishi sana, utafiti wa 2021 unasema anaweza kukaribia miaka 100, na mimba yake inachukua miaka kama mitano. Kwaiyo Bibi Silikanti haelewi kitu ila yupo toka zamani. Wenzake wakimuuliza swali leo anajibu lile la mwaka juzi. Na ndiye pekee aliyekuwa baharini mwaka wa ile vita ya 1914, nadhani mnaona ninapoelekea, tazama namba 18.

Mjue tu hapo hesabu nimeivuta kidogo, 1914 ni zaidi ya miaka 100. Bibi wangu ana siha.

## Lugha yao

12. Wanyama wanaongea Kiswahili gani?

Kila mmoja cha kwao. Panya wa mkonge wanaongea kama watu wa mashamba, wamechanganyikana makabila mengi kama mashamba yenyewe yalivyokuwa, na wanajisifu ukoo wao ni wa toka 1893, mwaka mkonge ulipoingia na ikapona miche 62 tu (wanadai iliyobaki waliila wao, uongo, ilifia njiani). Kunguru ni yakhe yakhe mwanzo mwisho. Kasa na samaki wa upande wa Tongoni wana maneno ya Kimtang'ata ambayo niliyapata kwa wazee, nimeweka machache yanayoeleweka kwa mazingira. Mjomba Kliki kila sentensi anachomeka neno la kazini, "ndugu, eneo ni safi", hata akiongelea chakula.

13. Mwalimu wa mwanangu kasema umekosea sarufi, mbona kuna "lipanya limeingia" kila mahali?

Mwalimu yuko sahihi kwamba sio sanifu, na mimi niko sahihi kuiacha. Ngoja nieleze hili kwa kirefu maana ndo roho ya kitabu.

Kiswahili hakisemi kiboko kimelala. Kiboko amelala. Kifaru amekuja, kipepeo ametua, kiroboto ameniuma. Kiti kimevunjika lakini kiboko amezama, ijapokuwa vyote vina ki mbele. Hatujafundishwa hivyo darasani kwanza, tumeinyonya. Hata ukikuta samaki hayupo kwenye sahani unauliza nani kala, huulizi nini, na unajua kabisa ni paka. Yaani lugha yetu ilishawapa wanyama kiti kwenye mkeka kabla mimi sijazaliwa, sikuhitaji uchawi wowote wa kuwafanya wawe watu wa kuhesabika.

Sasa angalia tunachofanya tukimchukia. Tunamvua. Lipanya limeingia stoo, lifukuze, limekimbilia wapi. Pua anaelewa Kiswahili cha watu vizuri sana ila hawezi kukisema, na kinachomuuma kwenye sura ya 4 sio ufagio, ni ile "li". Anarudi shambani anamuuliza mama yake, mama, mimi ni ki au ni a? Kwaiyo kila palipoandikwa "limeingia" hesabu ni nani anaongea. Alafu ukifika sura ya mwisho msikilize Sefu, yule mtoto wa shule, sentensi yake ya kwanza baada ya kiwanja kufungwa. Ni maneno mawili. Sitaandika hapa.

14. Kama wana akili hivyo kwanini wasiongee tu na watu?

Maana kingeisha ukurasa wa 10. Alafu sijawahi kuamini wanyama wa hadithi wanaosimama katikati ya barabara na kuhutubia. Sheria niliyojiwekea ni moja, wanyama wanaelewana wao kwa wao kwa shida, wanyama wanawaelewa watu, ila watu hawawaelewi wanyama kabisa isipokuwa kwa ishara. Na ishara ipo duniani tayari, kukwaruza chini. Morogoro watu wamejifunza kusoma kukwaruza kwa panya, Tanga bado. Kule Ziwa Eyasi Wahadzabe wanapiga mluzi, yule ndege wa asali anawajibu na kuwaongoza mpaka kwenye mzinga, wanaelewana bila neno hata moja. Hicho ndo kiwango cha maongezi nilichoruhusu.

## Dini na malezi

15. Sio vibaya kumfundisha mtoto kwamba wanyama wanaongea?

Nashukuru mnaouliza kwa adabu, kuna waliokuja moto. Kwa Waislamu wenzangu, kwenye Qur'an sura ya 27 imepewa jina la sisimizi, na aya ya 18 ni sisimizi anawaonya wenzake waingie majumbani wasije wakakanyagwa na jeshi la Suleiman bila wao kujua, na Suleiman akasikia akatabasamu. Sura hiyohiyo kuna ndege hudhud anayeleta habari za Saba. Kwa Wakristo yupo punda wa Balaamu kwenye Hesabu 22, ambaye aliona kabla ya bwana wake kuona na akapigwa kwa hilo. Karne ya 10 wanazuoni wa Basra walioitwa Ikhwan al-Safa waliandika kisa kirefu cha wanyama kuwashtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, kila mnyama anatoa hoja. Yaani kama ni kosa nimechelewa miaka elfu.

Mtoto anajua hadithi ni hadithi. Bibi zetu walitusimulia kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake kauacha juu ya mti, na hakuna kati yetu aliyekwenda kutafuta mioyo mitini.

16. Mwanangu sasa hataki tuweke sumu ya panya, analia. Unanisaidiaje?

Pole sana mama, na samahani, hili sikulitegemea na mmeshakuwa wengi.

Kwanza mwambie ukweli kwamba panya buku wa kitabuni sio wale wa jikoni, ni wanyama tofauti, hata kitabuni Pua anawaogopa wale wa mjini. Pili panya wa ndani wanaleta magonjwa, hilo sio porojo, nimesema habari za bibi namba 6, na kwenye sura hiyo nimeandika wazi kwamba bibi hakukosea kuogopa. Tatu, na hii nimeijaribu kwangu, mpe mtoto kazi. Nafaka iingie kwenye ndoo yenye mfuniko, makombo yafagiwe usiku sio asubuhi, tundu la chini ya mlango lizibwe, takataka zisilale. Sumu yenyewe ina hatari zake kwa mtoto na kwa paka wa jirani. Mtoto akiwa ndo mkuu wa mfuniko, panya wakikosa chakula wanahama wenyewe na hakuna aliyelia. Wakikaidi, basi, wewe ndo mzazi.

## Kwa waliokimaliza

17. Kweli kuna bomu chini ya shule ya msingi Tanga?

HAPANA. Nimetunga. Hiyo shule haipo, kiwanja hakipo, nimechanganya viwanja vitatu vya utotoni kwangu. Tafadhali msiwatishe watoto, na msitume watu na majembe. Nilipokea simu ya mzazi saa nne usiku.

Cha kweli ni kwamba ukikuta chuma cha ajabu popote, Tanga au kwingine, usiguse, rudi ulikotoka, mwambie mtu mzima na polisi. Sefu anafanya hivyohivyo kwenye sura ya 17, na nilihakikisha anafanya kwa mpangilio huo.

18. Sura ya "Mizinga" inaongelea mizinga ipi?

Yote miwili, na nilivyogundua kwamba neno ni moja nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Novemba 1914, vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta meli zilizojaa askari kama 8,000 kutoka India, wakashushwa Ras Kazone, kuuchukua mji kwa Wajerumani waliokuwa na askari kama elfu moja hivi, wengi wao askari wetu weusi. Meli ya kivita ikapiga mizinga. Na kwenye miti kulikuwa kumetundikwa mizinga, ile ya nyuki. Risasi zikaivuruga, nyuki wakatoka wakawashukia watu, wakauma pande zote ila walioathirika zaidi ni Waingereza na Wahindi wao, na baadaye kuna waliodai ni hila ya Wajerumani, eti walitega. Tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka. Tanga waja leo, waondoka leo, nyuki walishaimba kabla ya taarabu.

Kwenye hadithi, nyuki wa leo wanaikumbuka hiyo vita kama sisi tunavyokumbuka, kwa kusimuliana, na wao wanasema walishinda wao. Wanamwonyesha Pua mahali kwa kucheza, maana nyuki ndivyo wanavyoelekezana, anacheza mstari na kutikisa kiuno, upande wa mstari ndo uelekeo na muda wa kutikisa ndo umbali. Huo uchezaji ni wa kweli, Karl von Frisch aliyeusoma alipewa Nobel mwaka 1973. Bibi Silikanti naye anachangia jambo moja tu, kwamba mwaka ule kitu kimoja kilichorushwa hakikulia. Kwa mara ya kwanza anajibu swali la siku hiyohiyo.

19. Mjomba Kliki alitokaje Morogoro mpaka Tanga?

Lori la ndizi. Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, Tanga. Akashuka Muheza bahati mbaya kwa harufu ya machungwa, akatembea kilichobaki. Panya wa kweli wakistaafu hawatelekezwi, wanatunzwa mpaka mwisho, huyu wangu katoroka kwasababu alitamani kwao. Msomaji mmoja kaniandikia kwamba wengi wanazaliwa hukohuko kwenye mafunzo, hawana shamba la mkonge la kurudia. Ni kweli. Wakati naandika nililijua hilo, nikafumba macho.

20. Kwanini umemuua, kwanini?

Panya buku anayetunzwa anafika miaka minane hivi. Kliki alikuwa na miaka minane. Hakuna aliyemuua, wala bomu halikumgusa, kalala sura ya 14 na hakuamka, kashiba. Nilijaribu kumuacha hai, nikaandika sura mbili zaidi yupo, akawa anakaa pembeni anamsahihisha Pua kila hatua na Pua hakui. Mwanangu wa kwanza alininunia siku mbili. Kalamu ile anayobonyeza Sefu kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, kliki moja, Pua anageuka. Hiyo niliiweka kwa ajili yake.

21. Yule mbwa wa sura ya tatu alienda wapi?

Nilimsahau. Kuna binti wa darasa la nne kaligundua hilo kabla ya mhariri, kabla yangu, kabla ya mtu yeyote. Toleo jipya mbwa yupo, analala golini sura nzima ya 16 na hakuna anayeweza kumwamsha, na hilo limenisaidia sana kwenye ile sehemu ya watoto wasiingie kiwanjani.

22. Nakala yangu ina kurasa zimegeuka kichwa chini, na 41 haipo. Nifanyeje?

Hizo ni za awamu ya kwanza. Mchapaji aliniambia zimekaguliwa, nikaamini, nikalipa, nikafungua boksi nyumbani nikakaa kwenye ngazi. Ilete nikupe nyingine bure, haijalishi imechanika au imemwagiwa uji.

Nyingine zilikuwa mbovu kabisa nikamwachia kijana mmoja wa karanga, karatasi si karatasi. Mwezi uliopita napita Tangamano nikanunua karanga za mia tano, kukunjua ile karatasi, ukurasa wa 41. Nimesimama palepale nikausoma wote, karanga mkononi, mstari wa sita nikaona nimeandika "alimuuliza" mara mbili. Awamu hii nimerekebisha.